Silikoni ya tenki la samaki: kunusa hakutoshi

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu matenki ya samaki wala halihusu samaki. Ni hili: "Silikoni aliyobakiza fundi aluminiamu baada ya kuweka madirisha, naweza kuzibia tenki langu?" Na jibu ambalo watu wengi tayari wanalo mfukoni ni kwamba nusa, ikinuka siki ni salama, isiponuka siki ni sumu. Ni jibu rahisi, linakaa kichwani, kila fundi analijua, na shida yake ni kwamba lina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndo inayoua samaki. Leo nataka nilifumue lote maana naona mtaani limeshakuwa kama sheria.

Kwanza silikoni yenyewe haina ugomvi na samaki. Ikishakaza ni mpira tu, mpira ambao uti wake wa mgongo umetoka kwenye madini ya mchanga, maji hayauyeyushi, hauozi, na ndo maana unatumika mpaka kwenye chuchu za chupa za watoto na mipira ya hospitali. Ndani ya tyubu bado ni laini, inasubiri unyevu. Unyevu wa hewani ndo unaoikaza, sio jua wala feni, na wakati inakaza inatoa kitu ambacho kinapotea hewani taratibu, hicho ndo unachokinusa. Kuna aina inayotoa asidi asetiki, yaani asidi ya siki yenyewe, hii kwenye tyubu wanaandika "acetoxy" au "acetic cure". Kuna aina nyingine wanaandika "neutral", hizi baadhi zinatoa alkoholi kidogo na baadhi zinatoa oksaimu, ile wanayoiita MEKO kwa kifupi, ambayo Umoja wa Ulaya tangu 2022 umeiweka kwenye kundi la kemikali za kusababisha kansa, kwa hiyo ukiitumia ndani fungua madirisha, hapo namlinda mtu, samaki bado hajaingia.

Kwa kuunganisha kioo na kioo, ile ya siki inashika vizuri sana, na asidi yenyewe ikishatoka yote imeondoka, haikai humo. Hadi hapo mtaani wako sahihi. Ila harufu inakwambia silikoni inakaza kwa njia gani, haikwambii kiwandani wamechanganya nini ndani yake. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuna silikoni kibao zinazonuka siki mpaka macho yanawasha huku ndani zina dawa ya kuua ukungu.

Hiyo dawa ndo adui. Kuna silikoni nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bafuni na jikoni, na bafuni tatizo kubwa ni ule weusi wa ukungu unaoota kwenye maungio ya vigae, kwa hiyo viwanda vinaongeza sumu ya kuuzuia. Na ili sumu hiyo ifanye kazi lazima itoke kidogo kidogo kwenye mpira ije juu, ikibaki ndani haina faida, kwa hiyo kuvuja kwake ndo kazi yenyewe. Bafuni hiyo sio shida, maji yanapita yanaenda zake. Kwenye tenki maji yapo pale pale, samaki yupo pale pale, anayapitisha kwenye matamvua yake usiku na mchana.

Dawa zenyewe zina majina, na ukiyajua hata matatu manne umeshapiga hatua. Kuna zinki pirithioni, wengi mmeshaipaka kichwani bila kujua maana ilikuwa ndo dawa ya kwenye shampuu za mba (Ulaya waliipiga marufuku kwenye vipodozi 2022). Kuna OIT na ndugu yake DCOIT, na huyu wa pili ndo ananichekeshaga kwa uchungu, kwa sababu anatumika pia kwenye rangi za kupaka chini ya meli na boti ili viumbe vya baharini visijishike pale. Yaani ni kemikali iliyobuniwa makusudi kuvisumbua viumbe vya majini, alafu mtu anaipaka ndani ya tenki kisha anashangaa konokono wamelala. Kuna carbendazim, hii wakulima wanaijua, ni dawa ya fangasi ya mashambani. Na zamani baadhi ya bidhaa ziliwekewa mpaka dawa yenye aseniki.

Kwa hiyo mi nikishika tyubu dukani sitafuti sifa zake, natafuta walichoongeza. Silikoni nzuri kwa samaki ni ile maskini, isiyo na mbwembwe. Ukiona "anti-fungus", "mould resistant", "mildew", "sanitary", "bathroom", "kitchen & bath", "antibacterial", "BioSeal" sijui nini, rudisha shelfuni, hata kama imeandikwa pia kwamba ni asilimia 100 silikoni. Hilo la asilimia 100 linawapiga wengi chenga. Maana yake ni kwamba kinachoshika ni silikoni tupu, haijachanganywa na akriliki, basi. Dawa ya ukungu inaweza kuwemo humo humo na mtengenezaji hajadanganya.

Na tyubu ikiwa imeandikwa haifai kwa akwariamu, iamini. Sijui kwa nini watu wakifika hapo ndo wanaanza kubishana nayo.

Ugumu unakuja pale tyubu inapokaa kimya, haijasema ina dawa na haijasema haina, na hizi ndo nyingi Kariakoo. Ukimuuliza muuzaji utapata majibu ya kibiashara. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, hii ina dawa ya fangasi?"

"Hiyo ni orijino bosi, ya Dubai."

"Nauliza dawa ya fangasi, nataka niweke kwenye tenki la samaki."

"Ah, samaki! Hiyo hiyo ndo wanachukua wote. Haipitishi maji kabisa."

Simlaumu, yeye anauza misumari, rangi, makufuli na mabomba, hawezi kujua kilichomo kwenye kila tyubu. Kazi hiyo ni yako na simu yako. Kila mtengenezaji anayejielewa ana karatasi ya usalama ya bidhaa, inaitwa SDS au MSDS, unaandika jina kamili la bidhaa pamoja na hizo herufi kwenye simu unaipata bure. Ina sehemu 16, usizisome zote utalala. Nenda sehemu ya 2 ya hatari, ya 3 ya viambato na ya 12 ya mazingira. Sehemu ya 3 ndo pa kutafuta yale majina, na kwa vile majina ya kemikali ni marefu na kila mtu anayaandika kivyake, afadhali utumie namba zake za CAS, yaani namba za utambulisho wa kila kemikali, ambazo hazibadiliki: zinki pirithioni ni 13463-41-7, OIT ni 26530-20-1, DCOIT ni 64359-81-5, carbendazim ni 10605-21-7. Ukikuta hata moja, mjadala umeisha.

Sehemu ya 2 angalia kama kuna ile alama ya mti uliokauka na samaki aliyekufa. Ipo kweli, ni alama ya kimataifa ya sumu kwa viumbe vya majini, na mara nyingine imechapwa kwenye tyubu yenyewe kwa udogo wa ukucha. Mtu anayefuga samaki akipita alama iliyochorwa samaki mfu, basi tena. Pia kwenye tyubu za Ulaya kuna sentensi ndogo nyuma inayoanza na "Contains" kisha jina refu linaloishia na "isothiazol-3-one" na kusema inaweza kuleta mzio. Wanaiweka kwa ajili ya ngozi ya fundi, ila kwako wewe ndo ushahidi kwamba dawa imo, hata kama kiasi ni kidogo mno cha kutoonekana kwenye jedwali la viambato.

Isipopatikana karatasi yoyote, tovuti hakuna, kiwanda hakijulikani, mi sinunui. Kuna nyingi nyingine.

Ukiniuliza nitaje jina, zile ambazo wajenzi wa matenki nje wamezitumia miaka na miaka ni kama RTV108 ya Momentive, zamani ilikuwa ya GE, na 732 ya Dow, zamani Dow Corning. Zote mbili ni za siki, na zote zinatajwa kukidhi kanuni ya Marekani ya mpira unaogusana na chakula, FDA 21 CFR 177.2600. Hiyo namba ukiikuta kwenye karatasi ya silikoni yoyote ile ni dalili nzuri, japo kanuni yenyewe inahusu chakula cha binadamu. Bongo hizo sio za kuokota kila duka, na zenye picha ya samaki kwenye tyubu kabisa zinapatikana kwa wauza vifaa vya akwariamu kwa bei ya juu kidogo. Je, ulipe hiyo ziada? Kama tenki ni moja na unataka kulala usingizi, lipa. Ndani yake mara nyingi ni silikoni ya siki ya kawaida isiyo na dawa, unachonunua ni mtu kuweka jina lake kwamba haina.

Usichanganye haya na swali la nguvu, ambalo linawatisha watu kuliko inavyotakiwa. Tenki la urefu wa sentimita 100, upana 40, maji yakifika kimo cha 50, ni lita 200, kilo 200 za maji. Kioo cha mbele kinasukumwa na nguvu kama ya uzito wa kilo 125. Punguza maji mpaka kimo cha 25 na ile nguvu haishuki mpaka nusu, inashuka mpaka robo, inabaki kama kilo 31. Kimo ndo kila kitu. Upana wa kwenda nyuma hauna habari, hata ukilirefusha kwenda nyuma mpaka lifike ukutani kioo cha mbele hakitajua. Kwa hiyo vitenki vifupi vya mezani karibu silikoni yoyote ya siki isiyoghushiwa itavibeba, na lile tenki la kimo kirefu ndo unatakiwa usome karatasi ya kiufundi pia, na kuepuka zile "neutral" laini za maungio ya majengo zilizoandikwa "low modulus", zimetengenezwa zinyumbuke ukuta unapotanuka na kusinyaa, kwenye vioo vya tenki hutaki manyumbuko hayo.

Nimesema isiyoghushiwa kwa sababu hilo nalo lipo. Kuna silikoni za bei chee ambazo zimeongezewa mafuta ya madini ili tyubu ijae kwa gharama ndogo. Mwanzoni zinafanana na nyingine, baada ya muda mafuta yanatoka, mpira unasinyaa, unakuwa mgumu na njano, na mshono unaachia. Kipimo chake hakihitaji maabara: paka kidogo juu ya kipande cha nailoni nyembamba kama ya mfuko, iache siku nzima. Yenye mafuta huwa inaikunja na kuisokota ile nailoni, nzuri inaiacha imetulia. Angalia na tarehe. Silikoni nyingi zina maisha ya mwaka mmoja hivi kwenye tyubu ikikaa pasipo joto kali, sasa fikiria tyubu iliyoanikwa kwenye dirisha la duka jua la Dar la saa nane, miezi. Iliyopitwa na wakati inabaki inanata tu haikazi, na usijidanganye kwamba itakaza kesho.

Kwa wale wa matenki ya saruji yenye kioo mbele, naona mahoteli na migahawa wanayapenda siku hizi: hapo silikoni ya siki haifai. Saruji ni alikali, asidi inapigana nayo pale pale kwenye mshiko na baada ya muda inabanduka. Asidi hiyo hiyo inakula shaba na mabati. Hapo ndo penye haki ya kutumia "neutral", ila isiyo na dawa ya ukungu, na kuipata kunahitaji subira zaidi maana kuna "neutral" kibao za bafuni. Na ukuta wa saruji uwe umeshapakwa kizuia maji na umekauka kwelikweli. Matenki ya akriliki nayo silikoni haiyashiki vizuri, yana gundi zake.

Wazee wa zamani hawakuwa na mjadala huu, matenki yalikuwa na fremu ya chuma na vioo vinashikwa kwa puti, chuma kinaota kutu, puti inakauka inapasuka ukiacha tenki bila maji. Matenki ya vioo vitupu yalianza kushika kasi miaka ya 1960 silikoni ilipoingia. Kwa hiyo tusiiseme vibaya sana.

Haya, umepata silikoni safi. Bado unaweza kuiharibu kwa mikono yako, na hapa fundi vioo usimwache peke yake, mheshimu lakini simama naye. Fundi akimaliza kupaka anachovya kidole kwenye maji ya sabuni alainishe mshono. Kwa dirisha ni sawa. Kwa tenki sabuni inaingia pale inapotakiwa kushika, na sabuni yenyewe ni mbaya kwa samaki. Mwambie: fundi, tepu ya karatasi pande zote mbili, kidole kimoja chenye glovu kavu, mara moja, kisha toa tepu kabla haijaanza kushika ngozi, na ngozi inashika ndani ya dakika chache tu.

La pili ni kuziba juu ya silikoni ya zamani. Mpya kwa kawaida haishiki vizuri kwenye ya zamani iliyokwisha kukaza. Kwa hiyo tenki likivuja kona moja huwezi kuweka kiraka pale, inabidi ukwangue mshono wote wa ndani kwa wembe mpaka kioo kiwe kitupu, ufute kwa spiriti au asitoni kwa kitambaa cheupe, ukibadilisha kitambaa mpaka kisitoe uchafu, alafu usiguse tena kwa kidole. Na elewa kwamba ule mshono mnene wa ndani unaouona sio unaobeba tenki. Kinachobeba ni ile silikoni nyembamba iliyobanwa katikati ya kioo na kioo. Kama hiyo ndo imeachia na unaona mapovu marefu ndani yake, kukwangua na kupaka upya ndani ni kununua muda, tenki linatakiwa kubomolewa na kuunganishwa upya.

La tatu ni kungoja, na hili watu hawaliwezi. Silikoni inakaza kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 siku ya kwanza, kisha inapunguza mwendo kwa sababu unyevu lazima upenye kwenye mpira uliokwisha kukaza. Unene ukizidi mara mbili muda unazidi karibu mara nne. Kwa hiyo kama milimita 3 zimechukua siku moja, 6 zitachukua siku kama nne. Pwani tuna bahati, hewa ina maji ya kutosha, Dodoma wakati wa kiangazi ngoja zaidi. Kitenki kidogo mi sikipi chini ya siku mbili, kikubwa wiki nzima, na bado kabla ya kujaza naingiza pua ndani. Harufu ya siki ikiwepo, asidi bado inatoka. Na kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika hilo ni zito zaidi, maji ya ziwa lile yana pH ya kama 9, samaki wake wamezoea alikali, hawataki asidi inayodondoka kidogo kidogo kutoka kwenye kona.

Kisha jaza maji mahali ambapo yakimwagika hayana kesi, sakafu ikiwa sawa, acha siku mbili tatu, mwaga, jaza tena. Kama nina wasiwasi na silikoni yenyewe naweka kipande kilichokaza kwenye ndoo yenye viluwiluwi vya mbu na ndoo nyingine ya pembeni bila kipande, maji yale yale. Wakifa upande mmoja tu, jibu limepatikana. Wasipokufa haimaanishi ni salama kwa miaka mitatu ya samaki kukaa humo, inaondoa zile mbovu kabisa tu. Na zimwage kabla hawajaota mabawa, majirani wana haki zao.

Kuna kitu kimoja kinachochanganya sana kesi hizi. Mtu anaziba tenki, anangoja wiki kama alivyoambiwa, anarudisha samaki, siku ya tatu ya nne wanaanza kuhema juu ya maji, na lawama yote inaenda kwa silikoni. Muulize filta ilikuwa wapi hiyo wiki. Utasikia ilikuwa imeoshwa kwa maji ya bomba, imeanikwa juani, safi kabisa. Bakteria waliokuwa wanaishi kwenye ile sponji na kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki wote wameshakufa, na tenki limerudi kuwa jipya. Wakati tenki linakauka samaki wakae kwenye pipa la plastiki na maji yao ya zamani, na filta iwe inazunguka humo humo, haijaoshwa, saa 24, na umeme ukikatika sponji ibaki ndani ya maji na uyakoroge mara kwa mara yapate hewa. Ukiwarudisha, rudisha nayo hivyo hivyo ilivyo na uchafu wake, na wape chakula kidogo wiki ya kwanza. Na kama una kipimo cha amonia kitumie kabla hujaanza kukwangua silikoni yote upya.